Mtoto Aliyeitoroka Skuli ya Ngoma

Kila aliyewahi kulea miche ya mikarafuu anajua kuwa mche huu hauna haraka. Mbegu yake haikubali kuwekwa. Ikikaa siku nyingi bila ya kutiwa ardhini hufa. Ikiota hutaka kivuli cha makuti na maji kwa kipimo. Ukiuondolea mche kivuli ghafula, jua huuchoma. Ukiuachia kivuli siku zote huwa mnyonge, ukipelekwa shambani hausimami. Na baada ya tabu zote hizo mwenye shamba hungoja miaka sita, saba au minane ndipo atandike jamvi na kuanika karafuu zake za kwanza.

Leo tumeona vyema kuwapa wasomaji wetu khabari za mche wa namna nyingine. Si mti, bali ni mtoto wa kiume aliyezaliwa kisiwani kama sisi. Alitiwa kitaluni na baba yake pasipo kuulizwa, akakataa kuota, akafukuzwa, akahamishwa, na mwisho akazaa matunda ambayo hata baba yake hakuyaona ndotoni. Mtoto huyo ni Carlos Acosta wa Kuba, ambaye mwezi wa Januari mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 16, alishinda nishani ya dhahabu katika mashindano makubwa ya vijana wacheza ngoma huko Lausanne, nchi ya Uswisi.

Hatuandiki khabari hizi kwa kutaka watoto wa Pemba na Unguja wote waache skuli na kazi za shamba wakacheze ngoma za Ulaya. Twaandika kwa sababu ya swali moja ambalo wazazi wengi wamejiuliza usiku: mtoto akiwa na kipaji na yeye mwenyewe hakitaki, je, alazimishwe au aachwe? Maisha ya kijana huyu yana jawabu, lakini si jawabu jepesi.

KISIWA NA NYUMBA

Kuba ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya bahari ya Karibi. Kama vile maisha ya visiwa vyetu yalivyofungamana na karafuu, ndivyo maisha ya Kuba yalivyofungamana kwa muda mrefu na miwa na tumbaku. Na kama kwetu, mashamba hayo ya zamani yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Utumwa ulikomeshwa Kuba mwaka 1886. Jina la Acosta lenyewe ni ukumbusho wa siku hizo, kwani lilikuwa jina la wenye shamba la miwa, na wazee wa Carlos walikuwa watumwa wa shamba hilo. Jambo kama hili halihitaji kufafanuliwa kwa watu wa visiwa vya mashamba.

Carlos alizaliwa tarehe 2 Juni, 1973, katika mji wa Havana, akalelewa mtaa wa Los Pinos ulio pembezoni mwa mji. Baba yake, Bwana Pedro Acosta, alikuwa dereva wa lori. Bwana Pedro alikuwa na watoto kumi na mmoja, na Carlos ndiye kitinda mimba. Nyumba ilikuwa ndogo na watu wengi. Viatu vilikuwa adimu, na michezo ya dukani ilikuwa ya kusikia tu.

Mtoto huyo, ambaye baba yake alimpa jina la Yuli, hakuwa mtoto wa kukaa ndani. Alipenda kandanda kuliko chakula. Pelé wa Brazil ndiye aliyekuwa mfano wake, na kila asubuhi aliamka akijiona yumo uwanjani. Zaidi ya hayo alikuwa hodari wa brekidansi, ile ngoma ya vijana ya kujizungusha kwa mgongo na kichwa, iliyoenea duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alijifunza mitaani na wenziwe, bila ya mwalimu. Pamoja na hayo walikuwa wakiingia viamboni kwa watu kuiba maembe. Bwana Pedro akatazama, akaona njia ile inakoelekea. Leo ni maembe, kesho ni nini?

Akadokezewa kuwa iko skuli ya serikali inayofundisha baleti, na kwamba watoto wa skuli ile hupewa chakula cha mchana bure. Chakula bure na nidhamu: mambo mawili hayo yalimtosha dereva mwenye watoto wengi. Lakini liko na jambo la tatu, ambalo Carlos amelieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2007. Zamani, katika ujana wake, Bwana Pedro alijipenyeza katika sinema iliyokuwa ya wazungu tu. Akaona katika picha watu wakicheza baleti. Kabla hajashiba kutazama, akagunduliwa, akatolewa nje. Picha ile haikumtoka moyoni. Basi mwaka 1982, mtoto wake alipokuwa na miaka tisa, akamshika mkono akampeleka kujaribiwa. Mtoto aliyetaka kuwa Pelé hakuulizwa.

NI NGOMA GANI HII?

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa maana ya ngoma ya mashindano. Wazee wetu wamecheza beni, chama kwa chama, kila upande ukishona nguo mpya na kutafuta tarumbeta kubwa kumshinda mwenziwe. Akina mama wamecheza lelemama kwa vyama vyao. Na kirumbizi mpaka leo hakichezwi na mtu mwoga wa fimbo. Lakini katika ngoma zetu mtoto hujifunza kwa kusimama pembeni na kutazama, kisha akaingia. Baleti haifundishwi hivyo.

Baleti ilianza katika majumba ya wakubwa wa Italia, ikakuzwa Ufaransa. Mfalme Louis wa 14, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji, aliunda chuo cha ngoma mwaka 1661, na mpaka leo majina ya hatua zake ni ya Kifaransa dunia nzima. Msingi wake ni namna tano za kuweka miguu. Katika zote tano nyayo huelekezwa nje, moja kushoto na moja kulia, na mgeuko huo sharti utoke nyongani. Mtoto akiulazimisha kwa magoti au vifundo, huharibu viungo vyake kabla hajakua. Ndiyo maana haifundishwi kwa pupa, wala haianzwi mtu akiwa mtu mzima. Samaki mkunje angali mbichi.

Huko Kuba ngoma hii ilipata mlezi mkubwa, Bibi Alicia Alonso, aliyezaliwa mwaka 1920. Alikuwa mchezaji mashuhuri Marekani, na tangu ujana wake macho yake yalikuwa mabovu, hata akawa anacheza akiongozwa na taa za jukwaani na sauti za wenziwe. Mwaka 1948 yeye na mumewe Fernando Alonso, pamoja na Alberto, nduguye Fernando, waliunda kundi lao mjini Havana. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1959 serikali ililipa kundi hilo fedha na kulifanya la taifa, na mwaka 1962 ikafunguliwa skuli ya taifa ya baleti. Bwana Fernando ndiye aliyepanga mafunzo: akachukua yaliyo mazuri ya Warusi, Waitalia na Wafaransa, akayapima kwa miili na mwendo wa watu wa Kuba. Bibi Alicia alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 98, na skuli aliyosaidia kuianzisha imetoa wachezaji waliotapakaa duniani.

Jambo la kushika hapa ni hili. Katika nchi nyingi baleti hufundishwa kwa ada kubwa, na mtoto wa dereva hata mlangoni hafiki. Kuba mafunzo yalikuwa bure. Walimu waliwapima watoto wa kila mtaa: urefu wa mguu, mnyumbuko wa mgongo, mgeuko wa nyonga, na sikio la kufuata mdundo. Waliangalia mwili wa mtoto, hawakuuliza mfuko wa baba. Bila ya mlango huo, kipaji cha Carlos kingeishia kwenye vumbi la Los Pinos, na hakuna ambaye angejua kuwa kuna kitu kimepotea.

SIKU YA MWANAFUNZI

Mafunzo kamili yalichukua miaka minane: mitano ya chini na mitatu ya juu. Sehemu ya siku ilikuwa ya ngoma, na sehemu ya masomo ya kawaida, hesabu na lugha kama watoto wengine. Tena wakafundishwa muziki na Kifaransa.

Carlos aliamka alfajiri, kungali giza, akapanda basi na kubadilisha mengine mpaka afike Vedado, upande wa pili wa mji. Akifika, somo lilikuwa lile lile kila siku. Kwanza ni kwenye mti mrefu uliopigiliwa ukutani kimo cha kiuno. Mtoto huushika kwa mkono mmoja, akakunja magoti polepole na kuyanyosha. Kisha mguu mmoja huburuzwa mbele, kando na nyuma, kidole kikisugua sakafu. Kisha huinuliwa, kisha huzungushwa. Akimaliza upande wa kulia, hugeuka akaanza wa kushoto. Baada ya hapo huja katikati ya chumba pasipo cha kushika, na huko ndiko hujulikana nani aliushika mti kwa kujinyosha na nani aliuegemea. Hufuata mwendo wa taratibu wa kupima kusimama kwa mguu mmoja, kisha mizunguko, kisha miruko midogo, na mwisho kabisa miruko mikubwa.

Mpangilio huu una sababu yake. Misuli hupashwa moto kwanza kwa mambo madogo ili isikatike kwa makubwa. Hata mchezaji aliye bingwa, aliyecheza mbele ya wafalme, asubuhi yake huanza kwa kushika mti na kukunja magoti kama mtoto wa miaka tisa. Hakuna cheo kinachomtoa mtu katika somo hilo. Ni sawa na palizi: hakuna mwenye shamba aliyesema kuwa amekwisha palilia, sasa basi.

Kwa mtoto aliyezoea kukimbilia gozi, kazi hiyo ilikuwa kama kufungwa kamba. Katika kandanda ukipiga mpira huona matunda yake papo hapo. Katika baleti mtoto huambiwa akunje goti, na hukunja goti lile lile mwaka mzima, wala haoni chochote.

UTORO

Tena kulikuwa na fedheha. Wenziwe wa mtaani walipojua anakokwenda asubuhi, walimcheka. Wakasema ngoma ile ni ya wanawake, na mwanamume havai nguo za kubana akasimama kwa vidole. Mtoto mwenye kuchekwa na wenziwe ana mzigo ambao wakubwa aghalabu hawauoni. Carlos akafanya kama wafanyavyo watoto wengi: alitoka nyumbani asubuhi na mkoba wake kama aendaye skuli, akaenda kucheza mpira.

Khabari zikafika nyumbani, kama zifikavyo daima. Bwana Pedro alikuwa mtu mkali, na katika kitabu chake Carlos hakuficha kuwa mkono wa baba yake ulikuwa mzito. Alipigwa, akarudi skuli. Akatoroka tena, akapigwa tena. Walimu walikuwa katika mashaka. Mtoto huyu alikuwa na mruko na mzunguko ambao hawakumfundisha wao. Mwili wake ulikuwa kama ulioumbwa kwa kazi ile. Lakini hakuwapo darasani. Mwisho uvumilivu ukawaishia, wakamfukuza.

Hapa wasomaji tusimame kidogo. Wako watakaosema: mtoto amekwisha sema kwa vitendo kuwa hataki, kwa nini asiachwe akacheza mpira wake? Na wako watakaosema: mtoto wa miaka kumi na miwili anajua nini, mzazi ndiye mwenye macho. Maneno yote mawili yana uzito. Lakini tukitazama yaliyotokea, twaona kuwa fimbo haikufanya kazi iliyokusudiwa. Kwa miaka ile yote ya kupigwa, Carlos hakuipenda baleti hata kwa siku moja zaidi. Fimbo ilimpeleka mpaka mlangoni. Haikuweza kumwingiza moyo wake ndani. Fimbo ilimfundisha zaidi kuficha.

Hata hivyo Bwana Pedro alifanya jambo jingine ambalo fimbo haiwezi kulifanya, nalo ni kukataa kukata tamaa. Walimu walipokwisha kumtoa mtoto, baba hakusema kuwa yameandikwa. Alitafuta skuli nyingine itakayompokea, mbali na mtaa, mbali na mpira, mbali na wenziwe wa kumcheka.

PINAR DEL RÍO

Skuli hiyo ilikuwa Pinar del Río, upande wa magharibi wa kisiwa, na Carlos alipelekwa kukaa huko huko bweni. Mkulima wa karafuu akifika Pinar del Río atajiona yupo kwa watu wanaofahamiana, maana ni nchi ya wakulima wa tumbaku. Tumbaku ya sehemu ile inasifiwa duniani kwa sigara kubwa za Havana. Majani yanayotakiwa kwa kuvingirishia sigara za nje hupandwa chini ya vitambaa vyeupe vilivyotandazwa juu ya shamba zima, ili jua lisiyakaze, yabaki laini na mapana. Nao wanajua, kama sisi, kuwa kivuli ni sehemu ya kilimo.

Huko mtoto alikuwa peke yake. Mama yake hakuwapo, ndugu zake hawakuwapo, mtaa wake ulikuwa mbali. Upweke huo ulimwuma sana, na ameandika juu yake kwa uchungu. Twasema hivi ili wazazi wasidhani kuwa kuhamishwa kulikuwa dawa tamu.

Alipokuwa na miaka 13, Carlos aliiona Baleti ya Taifa ya Kuba ikicheza. Mpaka siku ile, baada ya miaka minne ya mafunzo, baleti kwake ilikuwa mti wa ukutani, goti la kukunja na sauti ya mwalimu. Hakuwahi kukaa akaona kwa macho yake kazi ile inaishia wapi. Usiku ule aliona mwanamume mzima, mwenye nguvu, akiruka juu ya jukwaa akakaa hewani kama aliyesahau kurudi chini. Hakuwa mtu wa kuchekwa. Alikuwa na nguvu kama mchezaji yeyote wa kandanda, na juu ya nguvu hizo alikuwa na kitu kingine ambacho mtoto hakuwa na jina lake. Carlos akajua papo hapo kuwa yeye pia anataka kuruka vile.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwamsha. Mambo yale yale aliyoyachukia, yaani goti, mguu, mti na mzunguko, sasa aliyafanya kwa hiari, na kwa kuwa mwili ulikuwa tayari, alikwenda kwa kasi iliyowashangaza walimu. Yule aliyefukuzwa Havana akarudi Havana kuingia skuli ya taifa, mahali wanapopelekwa walio bora.

LAUSANNE

Katika skuli ya taifa alimkuta Mwalimu Ramona de Sáa, bibi aliyetoa wachezaji wengi wa Kuba. Yeye alimtazama kijana huyu akaona alichokuwa nacho na alichokosa. Nguvu alikuwa nazo. Subira na usafi wa kazi vilikuwa bado. Mruko mkubwa ni mali, lakini mruko unaoishia kwa kishindo na kuyumba ni kama karafuu nyingi zilizoanikwa vibaya: uzito upo, daraja haipo. Akamshughulikia, na mwaka 1989 akaenda naye Italia, katika mji wa Turin, ambako wanafunzi wa Kuba walikuwa wakijifunza na kucheza pamoja na Wataliana. Kutoka huko wakaenda Lausanne.

Mashindano ya Lausanne, yaitwayo Prix de Lausanne, yalianzishwa mwaka 1973, mwaka ule ule aliozaliwa Carlos, na Bwana Philippe Braunschweig, mwenye viwanda wa Uswisi, pamoja na mkewe. Ni mashindano ya vijana wasiokwisha mafunzo, wa miaka 15 mpaka 18 hivi, na makusudio yake si kumtafuta aliyekamilika bali ni kumtafuta atakayekamilika. Kwa hiyo waamuzi hawatazami ngoma ya jukwaani peke yake. Huwatazama vijana darasani pia, wakiwa wameshika mti, ili waone msingi. Na zawadi yake iliyo kubwa si kikombe. Mshindi hupewa nafasi ya kusoma katika skuli kubwa ya ngoma pamoja na gharama zake, au kuingia katika kundi la wachezaji.

Fikiri basi, msomaji: ni mwezi wa Januari, Uswisi imefunikwa na theluji, na kijana wa kisiwa cha joto anapasha moto misuli yake kati ya vijana wa nchi tajiri waliokuja na wazazi wao. Baba yake yuko ng'ambo ya bahari, kwenye lori lake. Majina yaliposomwa, dhahabu ilikuwa ya Carlos Acosta. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, akashinda tena zawadi kuu katika mashindano ya kimataifa ya ngoma mjini Paris. Mwaka 1991 akamaliza skuli kwa daraja la juu kabisa.

Hesabu miaka. Alitiwa skuli mwaka 1982, akazaa mwanzoni mwa mwaka 1990. Ni miaka saba na kitu, umri wa mkarafuu unaoanza kuchumwa.

BEI YA MAZAO

Gazeti la wakulima halina haki ya kutaja mavuno bila ya kutaja gharama. Akiwa na miaka 18 Carlos aliingia katika kundi la English National Ballet mjini London, mchanga kuliko wachezaji wakuu wote waliowahi kuwamo. Kabla mambo hayajatulia, kifundo cha mguu kiliharibika, akapasuliwa, akarudi kwao kuuguza mguu asijue kama utapona. Ukapona. Mwaka 1993 akenda Houston, Marekani, akiwa mchezaji mkuu, na mwaka 1998 akaingia Royal Ballet ya London, ambako alicheza kwa miaka mingi. Mwaka 2006 alicheza Romeo katika jukwaa lile, sehemu ambayo watu wa rangi yake hawakuzoea kupewa. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya heshima, CBE.

Lakini ukitazama kitabu chake, jina alilolipa kwa Kiingereza ni No Way Home, maana yake hakuna njia ya kurudi nyumbani. Mtu aliyefika juu namna ile, katika maneno yote ya kuandika juu ya jalada, alichagua hayo. Miaka ya ujana ambayo wenziwe walikaa barazani na mama zao, yeye aliipitisha bweni, katika ndege, na katika vyumba vya kupanga vya nchi za baridi. Baba aliyemsukuma akabaki mbali naye. Kila alilolipata alililipia kwa sarafu ile ile, yaani nyumbani.

Na pengine ndiyo maana hakuisahau njia. Mwaka 2003 alionyesha Havana mchezo alioutunga mwenyewe, Tocororo, wenye kisa kinachofanana na chake cha kijana anayetoka kwao kwenda mjini. Baadaye, alipokuwa akiagana na Royal Ballet, aliunda Havana kundi lake, Acosta Danza, ili vijana wa Kuba wapate jukwaa nyumbani. Mwaka 2018 ilitoka picha ya sinema, Yuli, inayosimulia utoto wake, naye mwenyewe yumo ndani yake. Na mwaka 2020 alishika uongozi wa Birmingham Royal Ballet huko Uingereza, yaani mtoro wa zamani akawa ndiye anayengojea wengine wafike darasani kwa wakati.

FUNGU LETU

Turudi kwenye swali letu. Alazimishwe au aachwe? Twaona kuwa watu watatu ndio waliomkuza kijana huyu, na kila mmoja alikuwa na kazi ambayo wawili wengine hawakuweza kuifanya.

Baba alifungua mlango na kukataa usifungwe. Hiyo ni kazi ya mzazi, na asiyeifanya asilaumu majaaliwa. Mtoto hawezi kuchagua kitu ambacho hajawahi kukutana nacho. Lakini fimbo haikuwa sehemu ya dawa. Ilikuwa sehemu ya ugonjwa, na pengine bila ya fimbo mtoto angefika mapema zaidi na majeraha machache.

Mwalimu alimpa msingi, tena kwa miaka ambayo hakushukuriwa. Goti lililokunjwa bila ya hamu lilikuwa likijenga mguu vile vile. Hamu ilipokuja ilimkuta mguu upo tayari. Kama ingekuja pasipo msingi, angebaki mtu wa kutamani tu.

Na mtoto mwenyewe alitoa kile ambacho hakuna mtu angeweza kumtolea, yaani kutaka. Hakukitoa kwa kuhubiriwa. Alikitoa kwa kuona. Usiku mmoja wa kumtazama bingwa ulifanya kazi ambayo miaka minne ya karipio ilishindwa.

Hili ndilo tunaloweza kulichukua sisi, na halina gharama kubwa. Ukitaka mwanao apende hesabu, mpeleke akamwone mtu anayejenga jahazi au anayepima nyumba. Ukitaka apende shamba, usimpe palizi peke yake mwaka mzima; siku ya kupima karafuu mchukue pamoja nawe kituoni, asimame karibu na mizani, aone gunia likipandishwa na hesabu ikiandikwa, ajue jasho la palizi linaishia wapi. Na ukiona mwanao ana kipaji usichokielewa, cha ngoma, cha mpira, cha kuchora au cha kughani, usicheke, wala usikubali wenziwe wamcheke pasipo neno lako.

Mche hauoti kwa kupigiwa kelele. Hutiliwa maji, hutiliwa kivuli, kisha kivuli huondolewa kidogo kidogo mpaka siku moja ulione jua lenyewe. Kazi ya mwenye kitalu ni kuhakikisha kuwa siku hiyo itakapofika, mche bado ungali hai.